Meza ya Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na saba
sikuwahi kutengeneza saa.
Nilitia moyo tu.

Ndivyo tulivyosema kiwandani, Chistopol, ghorofa ya tatu,
wanawake arobaini wenye makoti meupe:
meza ya saba hupanga magurudumu,
meza ya tisa hutia uma,
nami Ilsiyar, meza ya kumi na moja,
huinua mizani kwa kibano
pamoja na kamani yake nyembamba kama unywele,
naishusha, naiachia.
Ikipumua, naisukuma kushoto kwa Faniya.
Ikigoma, kapuni.

Sasa nalipwa pensheni na shingo inauma,
na Marsel wa ghorofa ya chini,
dereva wa trekta la kusukuma theluji,
kaniletea saa ya babu yake ndani ya soksi.
"Wewe si fundi?" anasema.
Nikaona haya kumjibu.

Natandika foronya nyeupe juu ya meza ya jikoni.
Naondoa sufuria, mkate, paka.
Nafungua mgongo: kutu kidogo,
mafuta yaliyoganda kama gundi,
harufu ya jasho la mtu nisiyemjua.
Akrabu zake mbili nazilaza kwenye kisahani cha chai.
Hizi hazimchomi mtu.

Kwanza, kuilegeza kamani kuu, jino baada ya jino,
la sivyo itakurukia usoni.
Nani alinifunza? Hakuna. Nililisikia
meza ya tatu ikigombana wakati wa chai.
Ndivyo ninavyokwenda, kwa sauti zao.
Rushaniya, Mungu amrehemu: "Yenye mistari mitatu
hufunguka kinyume, usiilazimishe."
Na Faniya: "Uma usiutie mafuta kwenye ekseli, dada.
Pakavu paache pakavu."

Parafujo moja iliruka.
Nikatambaa na tochi (sumaku haramu hapa),
nikatukana kwa Kitatari,
nikaishiwa, nikaendelea kwa Kirusi.
Ilikuwa imenasa kwenye sweta yangu, kifuani,
inang'aa kama nishani.

Mpaka ikafika zamu ya mizani.
Hapo mkono haukuniuliza kitu.
Nikaiachia.
Ikasita, ikajizungusha, ikapumua,
na yakuti ndogo nyekundu
ikapepesa chini ya lenzi.

Lakini kuifufua ni kazi ya siku moja.
Kuifunza majira ni juma zima.
Adhuhuri redio hutoa milio sita,
nami naandika pembeni mwa kalenda.
Jumatatu: inakimbia sekunde hamsini.
Jumanne: nimesogeza kijiti upande wa kutoa,
upana wa ukope. Thelathini na moja.
Jumatano sikuigusa, niliogopa.
Alhamisi: inachelewa kumi na mbili! Nilizidisha,
kama mtu anayetia chumvi huku anaongea.
Ikilala chali inakwenda mbio,
ikisimama wima inachoka,
na hilo siwezi kuilaumu.
Jumapili: sekunde nne mbele.
Nikainua kibano.
Nikakirudisha chini.
Nne. Basi.

Kabla ya kufunga, kwa ncha ya sindano,
ndani ya kifuniko, pasipoonekana na mvaaji,
nikakwaruza tarehe, na 11.
Jina sikuandika. Fundi ajaye atajiuliza.

Nilimwambia Marsel aje saa tisa kamili.
Akaja saa kumi kasoro dakika ishirini,
theluji mabegani.
"Saa yangu si ulikuwa nayo wewe?"

Akaiweka sikioni kwanza, kama watu wote,
akanyamaza.
Nami, nikimtazama akisikiliza,
nikahisi mkono wangu ukisogea peke yake juu ya foronya,
kushoto,
kuisukuma kwa Faniya.